Filta ya tangi la samaki wa bahari, kwa mtu anayeishi Tanga

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nakaa Raskazone, Tanga. Fundi vioo amenitengenezea tangi la sentimita 100 kwa 45, kimo 50, na bado ni kavu. Nimefuga samaki wa maji baridi kwa muda, sasa nataka wa bahari: wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na wengine wadogo wadogo. Matumbawe sina mpango nayo. Duka moja limeniambia ninunue filta kubwa ya kanista, inatosha peke yake. Rafiki yangu anasema bila skima na tangi la chini nisijaribu kabisa. Pesa si nyingi, na umeme wa kwetu unaujua mwenyewe. Nichukue ipi?

Marahaba, mwanangu. Neno zito la swali lako umeliweka mwishoni, hilo la umeme, kama vile ni lalamiko la kupitia tu. Mimi ningeanza nalo. Mafunzo mengi ya samaki wa bahari yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani. Umeme wao haukatiki ovyo, na wengi wao bahari iko mbali, hivyo hununua chumvi ya paketi na kukoroga maji ndooni. Wewe mambo yako ni kinyume kwa yote mawili. Umeme unaweza kuondoka saa nane ya usiku ukarudi mchana, na bahari unaifikia kwa miguu. Filta itakayokufaa ni ile inayoyajua hayo, ndiyo maana jibu langu halitakuwa la dukani wala la rafiki yako.

Nikupe la mkato kwanza. Kanista usinunue. Chukua skima ya kuning'iniza (kifaa kinachotoa uchafu majini kwa povu), pampu mbili ndogo za kuzungusha maji, kisanduku kidogo cha pamba, na mawe mengi yenye vitundu. Fedha inayobaki iende kwenye pampu ya hewa ya betri na vipimo vya maji. Tangi la chini, yaani lile la pili la kuwekea vifaa chini ya tangi la samaki, liache kwa sasa, ila fundi atoboe leo kwenye kioo tundu la kuliunganisha baadaye, kabla hujamwaga hata kikombe cha maji.

Sasa sababu. Unajua tayari kwamba samaki hutoa amonia, kwamba bakteria wa aina moja huigeuza kuwa nitriti na wengine huigeuza hiyo kuwa nitrati. Baharini mzunguko ni ule ule, kinachobadilika ni ukali. Katika maji ya pH 7 (pH ni kipimo cha uasidi wa maji), ambayo huenda ndiyo uliyoyazoea, amonia yenye sumu hasa haifiki asilimia 1 ya amonia yote iliyomo. Iliyobaki iko katika hali isiyomdhuru samaki sana. Maji ya bahari yana pH ya 8.1 hadi 8.3, na kwa joto letu la nyuzi 28 ile sehemu ya sumu inapanda hadi kama asilimia 7 au 8. Maana yake chakula kilichozidi, ambacho samaki wako wa zamani wangekistahimili, huku kinaua. Halafu kuna hewa. Lita ya maji baridi ya nyuzi 25 hushika miligramu 8 na ushei za oksijeni, lakini lita ya maji ya bahari ya nyuzi 30 hushika 6 na ushei tu. Mwezi wa Februari, sebule yako ikiwa imefungwa, hiyo ndiyo akiba yote waliyo nayo samaki, na bakteria nao wanaivuta hiyo hiyo.

Hapo ndipo kanista inapoanguka. Ni kopo lililofungwa kabisa, linakaa chini ya meza, linanyonya maji kwa bomba, linayapitisha kwenye sponji na vigae vya bakteria, linayarudisha juu. Ni mashine nzuri, haina kelele, na kwenye maji baridi na umeme wa uhakika siisemi vibaya. Ila bakteria waliojaa ndani yake wanaishi kwa oksijeni inayoletwa na maji yanayopita. Pampu ikisimama, wamebaki na lita chache za maji na rundo la uchafu unaooza. Oksijeni inakwisha haraka, na baada ya saa chache wale bakteria unaowahitaji wanaanza kufa huku wale wasiotaka hewa wakishamiri. Umeme ukirudi, wewe uko kazini, kanista inajiwasha yenyewe na kumimina maji yale yenye harufu ya yai viza juu ya samaki wako. Nimekwisha kuitwa kwenye nyumba ambako samaki walivumilia giza usiku kucha, kisha wakafa baada ya taa kuwaka. Mwenye nyumba alikuwa anailaumu bahari.

Kama umeshalipia kanista na duka halirudishi fedha, itumie kwa masharti: umeme ukikatika zaidi ya saa mbili, ichomoe ukutani, mwaga maji yaliyomo, suuza sponji kwa maji ya chumvi, ndipo uiwashe. Na uifungue kila wiki hata kama umeme haujakatika, kwa sababu uchafu ulionaswa ndani ya filta haujatoka kwenye maji. Umefichwa tu usiuone, na unaendelea kuwa nitrati. Watu wengi huifungua wiki ya kwanza na ya pili, baadaye wanangoja mpaka maji yapungue kasi.

Kwenye tangi la bahari filta ya kweli ni mawe. Jiwe la matumbawe lenye vitundu lina uso mkubwa sana ndani yake. Bakteria wa amonia na nitriti wanakaa nje na kwenye vitundu vya juu, na ndani kabisa, mahali oksijeni haifiki, wanakaa wengine wanaoichukua nitrati na kuigeuza naitrojeni ambayo hupanda na kutoka hewani. Kazi hiyo ya pili kanista haiifanyi. Na kwa kuwa mawe yako ndani ya tangi lenyewe, umeme ukikatika hayajafungiwa kopo: yana lita zote 180 za kuvutia hewa, na ukiweka viputo vya pampu ya betri yanaendelea na kazi.

Kuhusu mahali pa kuyapata nisikilize vizuri. Usiende mwambani na nyundo, wala usimlipe mtu aende kwa niaba yako. Maji ya kuanzia kaskazini mwa mlango wa Mto Pangani hadi kupita jiji lako ni Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009, na matumbawe magumu yamo pia kwenye orodha ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Pwani yetu imeshaumizwa vya kutosha na baruti. Unachohitaji kipo nchi kavu: mawe ya matumbawe ya kale, yale yale yaliyojengea majumba ya pwani tangu Kaole hadi Tongoni, bado yanachimbwa kwa ujenzi. (Nimesema yanachimbwa. Magofu ya Tongoni yaache yalivyo.) Chagua mapande mepesi kwa ukubwa wake, maana wepesi ndio dalili ya vitundu. Kataa yenye michirizi ya kutu, na kataa kabisa yaliyotoka kwenye nyumba iliyobomolewa, kwa sababu chokaa na saruji iliyoshika juu yake itapandisha pH isikoeleweka. Yasugue kwa brashi, yaloweke kwenye maji baridi siku kadhaa ukibadilisha, kisha yapange kwa uwazi, yasirundikane kama kifusi, maji yapite katikati na nyuma. Kwa tangi lako kilo 20 hivi zinatosha.

Mawe makavu hayana bakteria bado. Jaza maji ya bahari, washa pampu, tupia kipande kidogo cha kamba mbichi, usubiri. Amonia itapanda, itashuka. Nitriti itapanda, itashuka. Kwa kawaida ni wiki 4 hadi 6. Vipimo viwe vya maji ya chumvi, vile vya maji baridi havifai vyote, na samaki wa kwanza asiingie mpaka amonia na nitriti zisome sifuri. Kipindi hiki ndicho kinachowashinda watu wengi, si mashine.

Nije kwenye skima, ambayo rafiki yako ana haki kuitetea. Kusi likivuma umeona povu jeupe linalosukumwa ufukweni. Ni mabaki ya viumbe yaliyoyeyuka majini, ambayo hupenda kujishikiza pale maji yanapokutana na hewa. Mawimbi yakitia viputo, yanapanda navyo. Skima inafanya hivyo hivyo ndani ya mrija: pampu inatengeneza viputo vidogo sana, uchafu unanata juu yake, povu linapanda na kumwagikia kikombeni likiwa maji ya rangi ya chai iliyokolea na yenye uvundo. Unachokimwaga kikombeni ni uchafu uliotoka kwenye tangi kabla haujaoza na kuwa amonia. Kwenye maji baridi kifaa hiki hakina kazi, kwa sababu viputo havikai vidogo namna hiyo bila chumvi, ndiyo maana hukuwahi kukihitaji. Pia kinatia hewa nyingi kwenye maji, jambo ambalo kwa joto letu nalithamini karibu sawa na kusafisha kwenyewe. Na umeme ukikatika hakigeuki kuwa sumu. Kinanyamaza tu.

Lita zilizoandikwa kwenye boksi la skima usiziamini. Watengenezaji huhesabu tangi lenye samaki wachache sana. Tangi lako kwa vipimo vya kioo ni lita 225. Ukiacha nafasi juu na ukitoa mawe, maji halisi yatakuwa kama 180. Tafuta iliyoandikwa lita 350 hadi 400. Ikiwa mpya itafanya fujo siku za mwanzo, viputo vitatoka hovyo au povu halitapanda. Usiichokonoe kila saa, iache izoee. Baada ya umeme kurudi huwa inapandisha povu kwa nguvu kwa muda, kwa hiyo kikombe kisikae kimejaa ukalala nacho. Mrija wake wa hewa huganda chumvi. Upitishie maji ya uvuguvugu kila wiki, na pampu yake mara moja moja iloweke kwenye siki ili magamba meupe yatoke.

Kwa nini ya kuning'iniza, wakati ile ya kukaa ndani ya tangi la chini huwa na nguvu zaidi? Kwa sababu ya tangi la chini lenyewe. Ni mpango mzuri: maji yanashuka kutoka tangi la juu, yanapita kwenye soksi ya kuchuja na skima, pampu inayarudisha. Linaongeza ujazo, linaficha vifaa, linarahisisha kila kitu. Lakini tangi lisilotobolewa huunganishwa kwa kisanduku cha kufyonza kinachopanda juu ya ukingo wa kioo. Kisanduku hicho kinategemea maji kubaki kwenye bomba lake pampu inapozima. Siku hewa ikiingia, umeme unarudi, pampu ya chini inasukuma maji juu, na hakuna kinachoshuka. Maji yanaishia sebuleni, na pampu inabaki ikizunguka kavu hadi iungue. Palipo na umeme wa kukatika mara moja kwa mwaka hatari hiyo ni ndogo. Kwetu ni suala la lini.

Tundu lililotobolewa kwenye kioo halina tabia hiyo, maji yakifika usawa wake yanashuka, umeme uwepo usiwepo. Ndiyo maana nasema fundi atoboe sasa, karibu na ukingo wa juu wa kioo cha nyuma, kisha azibe kwa kiungio cha plastiki chenye mfuniko mpaka utakapokuwa na uwezo. Aulizwe kwanza kama kioo ni cha kawaida. Kioo kigumu cha usalama kikitobolewa kinapasuka chote vipande vipande. Siku ukiliweka tangi la chini, acha nafasi tupu ya kutosha ndani yake. Umeme ukikatika, maji ya juu yatashuka hadi usawa wa tundu: kwa upana wa tangi lako, kila sentimita 2 ni lita 9, na mabomba nayo yana yao. Lita 20 za nafasi zitakulaza usingizi. Na bomba la kurudisha maji lisizame sana, la sivyo litafyonza kinyumenyume.

Pampu za kuzungusha maji ndani ya tangi usizidharau kwa sababu ni ndogo. Mawe hayachuji maji yasiyopita. Weka mbili, moja kila upande, jumla yake izungushe kama mara 10 ya ujazo kwa saa, yaani lita 1,800 hadi 2,000 kwa zote mbili. Mojawapo ielekezwe juu kidogo ili uso wa maji utikisike, maana oksijeni inaingilia pale juu. Kisanduku cha kuning'iniza chenye pamba ni cha kukamata mabaki yanayoelea, na siku moja moja kuweka mkaa ulioamilishwa, ule wa dukani, ukitaka kuondoa rangi ya njano au dawa. Mkaa wa jikoni si huo. Chagua kisanduku ambacho mota yake imezama majini. Zile zenye mota juu hushindwa kuvuta maji umeme ukirudi, zikasaga hewa. Pamba ibadilishwe kila baada ya siku tatu nne. Sponji, kama unayo, isuuzwe kwa maji ya tangi uliyoyatoa, si ya bomba, kwa kuwa maji ya bomba yana klorini.

Betri sasa. Wakati wa hatari ni usiku, oksijeni ikiwa chini kabisa kabla ya alfajiri na wewe umelala, kwa hiyo kifaa cha kukusubiri uamke hakisaidii. Kuna pampu za hewa zenye betri ndani ambazo hujiwasha zenyewe umeme ukiondoka. Ningenunua hiyo kabla ya kununua taa nzuri. Ukikosa, ile ndogo ya USB inayokula wati moja na nusu hivi itafanya kazi karibu usiku na mchana kwa pawabenki ya simu ya mAh 10,000, ila lazima uiwashe mwenyewe. Ukitaka kuendesha pampu ya maji, betri ya volti 12 ya Ah 50 ina wati-saa 600 kwenye karatasi. Ya gari haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo hesabu 300. Pampu ya wati 8 pamoja na kile inverta inachokula yenyewe itakupa saa 15 hivi. Pampu ya hewa ikae juu ya usawa wa maji au iwe na vali ya kuzuia maji yasirudi, na kila waya unaoelekea ukutani uning'inie chini kwanza kisha upande kwenye soketi, ili tone linaloteremka lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Maji ya chumvi na umeme havisameheani.

Ukijumlisha skima, pampu mbili na kisanduku ni kama wati 28 mfululizo. Ongeza taa ya wati 20 kwa saa 8 na unafika uniti 25 kwa mwezi. Kama nyumba yenu iko kwenye daraja la matumizi madogo la TANESCO, lenye kikomo cha uniti 75, piga hesabu ya hizo 25 kabla ya kuanza.

Nimeacha kwa makusudi filta iliyo bora kuliko zote ulizotaja, nayo ni bahari yenyewe. Wenzetu wa mbali wananunua mitambo ya kuondoa nitrati kwa sababu kila lita ya maji mapya inawagharimu chumvi. Wewe badilisha dumu moja la lita 20 kila wiki na umeondoa asilimia 11 ya kila kitu. Ifanye hesabu: nitrati ikipanda miligramu 2 kwa lita kwa wiki, dumu hilo moja litaifanya isimame karibu na 18, ambako samaki hana neno. Ikipanda 5 kwa wiki, itasimama 45, na hapo tatizo ni wingi wa samaki au mkono unaolisha, si filta. Mashine za nitrati, mipira ya plastiki ya bakteria, vyote hivyo pita navyo dukani ukivitazama tu.

Lakini si kila maji ya bahari ni maji ya tangi. Ghuba yenu inapokea Zigi na Mkulumuzi, ina bandari na mifereji ya mji. Maji yakipwa, yanashuka na vyote hivyo pamoja na matope ya mikoko. Chota yanapojaa, karibu na ukomo wake, na ikiwezekana yasitoke ufukweni: wavuvi wa Sahare na Deep Sea wanatoka nje ya ghuba, mpe mmoja wao madumu yako. Madumu yawe hayajawahi kubeba mafuta ya taa wala petroli. Masika yakichanganya, simama kabisa. Juu ya bahari hukaa tabaka la maji ya mto, chumvi imepungua na maji yana rangi. (Wa Bagamoyo wenye Ruvu karibu wanalijua hili zaidi.) Kwa hiyo kabla ya Machi kwisha uwe na madumu sita au saba ya akiba, yamefunikwa, gizani, wiki mbili za giza huua vijidudu vingi na kuzamisha matope. Kila dumu lipime kabla ya kumwaga: hidromita, yaani kipimo cha chumvi, isome 1.023 hadi 1.026, na tangi lenyewe lisipande na kushuka ndani ya mipaka hiyo kila siku.

Litakalolipandisha ni uvukizaji. Maji yanayopotea ni matupu, chumvi inabaki, kwa hiyo unajazia maji baridi, si ya bahari. Kwa joto la kaskazi, hasa ukiweka feni ya kupoza uso wa maji, zinaweza kuondoka lita mbili tatu kwa siku. Hita usinunue, pesa yake ndiyo hiyo feni. Maji ya kujazia yawe ya kuchujwa kwa mtambo wa osmosi, yale yanayouzwa kwa madumu ya kunywa. Maji ya mvua yaliyopita kwenye bati hubeba zinki. Na watu hukusanya maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi wakidhani ni safi kuliko yote: yamepita kwenye mabomba ya shaba, na shaba huua konokono, kamba na kila kisicho na uti wa mgongo, hata ikiwa kidogo sana.

Taa ya kuua vijidudu ya UV ni kifaa cha baadaye, pengine kisihitajike. Tangi la mwani la kunyonya nitrati linapendeza, na pwani nzima ya kwetu inajua kulima mwani, lakini linahitaji tangi la chini, basi tuliache.

Samaki wenyewe, kwa ufupi. Filta niliyokuandikia ni ya samaki wanne au watano wadogo, wawili wa kwanza kisha ungoje mwezi. Kikande atakung'atia nyaya, chewa atawala wenzake na kulizidi tangi, kitatange ni mgumu wa kulisha. Yule wa chungwa mwenye mistari mitatu unayemwona kwenye picha, Amphiprion ocellaris, hayuko pwani ya kwetu. Anayeuzwa madukani huwa mara nyingi amezalishwa kwenye matangi, na huyo mchukue, anakula vizuri. Wa kwetu ni ndugu zake, A. allardi na A. akallopisos, kabla ya kumwagiza mvuvi akukamatie, pita ofisi ya uvuvi ya jiji uulize kibali.

Ukirudi dukani, omba ukifungue kila kifaa mbele yao. Bati la nyuma lisome volti 220 hadi 240 na hezi 50, maana vifaa vya volti 110 huletwa nchini na kuuzwa bila neno. Tazama kama kuna skrubu ya chuma mahali popote panapogusa maji, ikiwepo, rudisha. Uliza kama pangaboi la skima na la pampu yanauzwa peke yake, na kama yanauzwa, nunua moja la akiba la kila kimoja siku hiyo hiyo, kwa sababu ndilo litakalokufa kwanza, na skima iliyosimama Tanga ikisubiri kipuri kutoka Dar es Salaam haimsaidii samaki.